Njaa ya Kwenye Video

Gari aliloendesha mjukuu wangu Tupokigwe lina kiti kimoja tu. Halina paa wala mlango, matairi yake yamechomoza nje kama miguu ya panzi, na dereva anaingilia juu kama mtu anayejitumbukiza kwenye pipa. Siku ya kwanza kuliona kwenye simu ya Jackson niliuliza, "Sasa abiria wanakaa wapi?"

Jackson alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hii ni langalanga. Haipakii mtu. Ni ya mashindano."

Jackson ni mwanangu wa mwisho, naishi naye hapa Nkunga. Kaka yake, Boazi, ni fundi wa magari huko Johannesburg, na Tupokigwe ni binti wa Boazi. Nilimlea mimi tangu alipoacha ziwa mpaka darasa la tatu, ndipo baba yake akaja kumchukua. Huko akaanza na vile vigari vidogo vinavyolia kama nyuki, akawa anawaacha wavulana nyuma, na mwaka huu, akiwa na miaka kumi na saba, ameingia langalanga ya chipukizi. Ni mashindano ya vijana wanaotaka siku moja waendeshe kwa mshahara. Magari yote ni ya aina moja, injini ni ile ile, ili ionekane nani anajua na nani anabebwa na gari. Wanazunguka viwanja msimu mzima wakikusanya pointi, na mwenye pointi nyingi anachukuliwa kwenye magari makubwa zaidi.

Lakini kiti kile kina gharama. Wenzake wengi baba zao wana makampuni. Baba wa Tupokigwe ana spana. Aliyemlipia kiti ni kampuni moja ya oili za magari, yenye ofisi Dar es Salaam, na kampuni hiyo ilikuwa bado inafikiri kama itaendelea naye. Wakasema wanataka video fupi ya kuonyesha mtoto alikotoka. Video ikipendwa, kiti kinabaki. Hivyo ndivyo Jackson alivyonieleza, na mimi nikaelewa vizuri kabisa.

Nilijiandaa. Nilifua mapazia, nikapaka sakafu rangi nyekundu mpaka ikawa inateleza, nikatandika vitambaa vyangu vya kufuma kwenye makochi. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma. Marehemu mume wangu, Ambokile, aliijenga kwa pesa ya chai, chumba baada ya chumba, na hakuwahi kumwomba mtu hata msumari. Nikachinja jogoo, nikapika mbalaga, zile ndizi zetu za maziwa.

Mpiga video alikuwa kijana anaitwa Allen, mpole, nywele kasokota. Alikula, akashukuru, akazunguka nyumba nzima bila kufungua kamera. Halafu akamvuta Jackson nje wakanong'ona.

Jackson akarudi anajikuna shingo. "Mama, anasema hapa hapana hadithi."

"Hadithi gani tena?"

"Watu wanapenda kuona mtu katoka chini. Hapa panaonekana kama kwa mwalimu mkuu."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimesifiwa.

Wakanipeleka nyuma, kwenye jiko la zamani ambalo siku hizi tunalaza ndama. Ukuta umeinama, paa lina matundu. Jackson akasema, "Vaa kile kitenge cha kulimia, mama. Na viatu uvue."

"Viatu nivue kwa nini? Chini kuna mavi ya ndama."

"Kwa ajili ya Tupokigwe. Kiti chake, mama."

Nikavua viatu. Hapo ndipo nilipojua. Sikujua yote, ila nilijua ya kutosha, na nikanyamaza.

Jackson akaniambia niseme Kinyakyusa, yeye atatafsiri. Nilisema mambo ya kweli. Nilisema mtoto huyu alikuwa mkaidi, kwamba kwenye banda la kupimia majani ya chai palikuwa na Land Rover mbovu, naye alikuwa anakaa humo ameshika usukani, ananguruma kwa mdomo mpaka midomo inavimba, na ukimwita kula haji. Unamfuata na fimbo. Jackson alikuwa anageuza maneno yangu kwa Kiingereza, marefu kuliko niliyosema. Allen anatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi najiuliza, huzuni ya nini, mbona Land Rover ilikuwa inatuchekesha?

Mwishoni Allen akaweka sufuria kwenye mafiga, akamimina maji kidogo. "Koroga tu, bibi. Usiangalie kamera."

Nikachukua mwiko, nikakoroga maji.

Video ilitoka siku ya mashindano. Jackson alikuwa ametangaza mpaka kanisani kwamba Tupokigwe ataonyeshwa, na mwenye ukumbi mmoja pale Makandana, karibu na hospitali, akakubali kuunganisha mtandao kwenye televisheni yake kubwa. Watu wakajaa. Wa Nkunga walikuja, wa Lupepo walikuja, manesi wakaja na sare zao. Mimi nikawekwa mbele, na pembeni yangu akakaa Pudensiana, jirani yangu, mwenzangu wa umoja wa wanawake kanisani. Tumeolewa msimu mmoja, tumezaa pamoja, tumezika pamoja.

"Leo utatutambia," akaniambia. "Umevaa mpaka hereni!"

"Na wewe mafuta uliyojipaka unataka nani akuone? Madereva?"

Tukacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka naye mwaka huu.

Kabla ya magari kuondoka, wakaweka video. Nikajiona. Kikongwe pekupeku, amekaa penye ndama, anakoroga. Muziki wa kulia. Sauti ilikuwa ya Jackson, kwa Kiingereza, lakini chini palikuwa na maandishi ya Kiswahili. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma polepole, naona neno moja na lingine limeshakimbia. Pudensiana anasoma haraka. Nikasikia ameacha kupumua.

Maandishi yakarudi mara ya pili, nikayakamata: *Kuna siku nyingi mimi na mjukuu wangu tulilala bila kula. Majirani walikuwa wanapita tu.*

Watu wakaanza kugeuka kunitazama. Mtu asiyetujua hataelewa. Hapa kwetu mvua haikatiki, mgomba unaota hata nyuma ya choo, maparachichi yanaanguka mpaka mbwa wanayakinai. Mtu kulala njaa Nkunga si umaskini. Maana yake ni kwamba majirani wamekutenga, wamekuona na watoto wako na wakageuza uso. Sikuwa nimejisema mimi. Nilikuwa nimewasema wao, mbele ya dunia.

Pudensiana akanigeukia polepole. "Mama Boazi. Mimi nilipita lini?"

Kwenye televisheni taa nyekundu zikawaka moja moja, zikazimika zote kwa pamoja, magari yakachomoka. La Tupokigwe lilikuwa la kijani, limeanza katikati ya kundi. Sijui mambo yale, lakini hata mimi niliona. Kwenye kona kali wenzake walikuwa wanakanyaga breki mapema, yeye anasubiri, anasubiri, mpaka unafumba macho, ndipo anakanyaga na kuchomeka pua ya gari kwa ndani. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Mvulana mmoja akambana mpaka matairi yakataka kugusana, yeye hakuondoka kwenye mstari wake. Alimaliza wa pili, nafasi ambayo hakuwa amewahi kuipata. Akavua helmeti akaonekana anacheka na meno yote.

Waliopiga makofi ni manesi, kwa kuwa wao ni wageni. Watu wangu waliinuka, wakakunja viti, wakatoka kama wanatoka msibani.

Kesho yake asubuhi Pudensiana alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na kikapu cha viazi mkononi. Akasimama uani. Hakuketi.

"Ndaga," akasema, kama unavyomsalimia mtu usiyemzoea. "Tumesikia hapa kuna njaa."

"Pude, nisikilize..."

"Pokea, mikono inaniuma."

Kwetu chakula hakikataliwi. Unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, na kikapu cha mtu hakirudi kwake kitupu. Nikapiga goti. Yeye akaweka, akageuka, akaenda zake. Nyuma yake alikuwa anakuja mwingine. Na mwingine. Mikungu, maboga, maharage, maziwa kwenye vibuyu, wengine wamebeba kuni. Wapo walioleta kwa hasira, wapo walioleta kwa huruma kweli, na hao wa huruma ndio walionimaliza. Mzee mmoja kutoka Lupepo, simfahamu kabisa, aliweka kuku wake chini akasema, "Tusamehe, juba. Hatukujua." Akaniita mama, ananiomba msamaha mimi!

Jackson alisimama mlangoni anapiga mswaki. "Sasa mama unalia nini? Si tumepata ndizi?"

Siku ile kwa mara ya kwanza nilitamani kumpiga mtu mwenye ndevu.

Ndizi zikaiva zote pamoja. Tukala, tukawapa ng'ombe, zikabaki, zikaanza kuchacha, nyuki wakajaa uani, na harufu ile tamu ikaingia mpaka kwenye blanketi. Vikapu vitupu nikavipanga ukumbini. Kila nikitaka kurudisha kimoja, miguu inakataa. Kanisani nikawa nakaa kiti cha nyuma, na wimbo ukiisha nimeshatoka.

Tupokigwe akapiga simu.

"Bibi, shikamoo. Bibi, ulikuwa na njaa?"

"Hapana, mama."

"Mimi nilikuwa na njaa?"

"Wewe? Wewe ulikuwa unafukuzwa na fimbo uje kula."

Nasikia injini zinanguruma nyuma yake. "Wenzangu huku wananiwekea vipande vya mkate kwenye helmeti. Nikiivaa, makombo yananiingia masikioni. Wanasema nikimaliza wa kwanza watanipa na siagi. Bibi, mimi niliwaambia wote kuhusu nyumba ya babu. Sasa wananiita mwongo. Niseme nini?"

"Subiri kidogo," nikamwambia. Maisha yangu yote nimesubiri, na mengi yamekaa sawa kwa kusubiri. Hili halikukaa sawa. Lilizidi kuiva kama zile ndizi.

Maana kampuni iliipenda video. Iliipenda kupita kiasi. Wakampigia Jackson kwamba watamlipia Tupokigwe msimu huu mpaka mwisho na ujao wote. Na zaidi ya hapo, wanataka kumjengea bibi nyumba. Vyumba viwili na bati, na kamera iwepo siku ya kukabidhi. Mtu wao anakuja kuona kiwanja.

Jackson akawa anatembea ndani ya nyumba kama kuku anayetaka kutaga. "Hapa tunafunga. Tunasema hii ni nyumba ya mwalimu, kahamishwa. Wewe unakaa kule nyuma siku moja tu. Moja! Majirani nitawaomba wanyamaze."

Akaenda kwa Pudensiana. Akarudi mdogo.

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi. Sisi si ni watu wa kupita tu? Siku hiyo tutapita.'"

Usiku ulikuwa mrefu, lakini nisiusimulie. Kulipokucha nilioga, nikavaa gauni langu la ushirika wa kanisani na viatu vyenye kisigino kidogo, nikatoa kiti nikakaa barazani kwa Ambokile. Jackson alipoamka na kunikuta pale, gari lilikuwa limeshafika.

Akashuka mwanamke wa makamo, miwani, amebeba karatasi ndefu zilizoviringishwa. "Shikamoo bibi. Naitwa Neema, natoka kampuni inayomdhamini Tupokigwe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Akaangalia nyumba, akamwangalia Jackson. "Hapa ni kwa nani?"

"Kwangu," nikasema.

Akaingia. Akakaa kwenye kochi kwa ncha, kama mtu anayeogopa kuchafua. Ukutani kuna picha ya Tupokigwe siku ya kuanza darasa la kwanza, mashavu yamejaa, sare imembana tumboni. Neema akaikazia macho kwa muda.

"Ndiye huyu aliyekuwa analala na njaa?"

"Ndiye. Hakulala na njaa hata siku moja."

"Na ile sufuria?"

"Ilikuwa na maji. Niliambiwa nikoroge, nikakoroga."

"Nani alikwambia, bibi?"

Jackson alikuwa amesimama kwenye mlango, uso umekuwa wa majivu. Ni mwanangu. Ningeweza kumtaja, na isingekuwa uongo. "Mkono ulikuwa wangu," nikasema. "Na viatu nilivua mwenyewe."

Neema akaviringisha upya zile karatasi, ingawa hakuwa amezifungua. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. "Unajua kwamba kiti cha mtoto kinategemea hii?"

"Najua."

"Kampuni haiwezi kubaki na jambo la namna hii. Nikiwaambia, watajitoa. Na nisipowaambia, inayopotea ni kazi yangu."

"Waambie, mwanangu. Lakini kwanza ule."

Alikula kidogo, kwa adabu. Alipoondoka niliona akina mama wa jirani wamesimama barabarani, Pudensiana katikati yao. Kweli walikuwa wamepita. Wakanitazama na lile gauni langu, sikuweza kuwatazama.

Nilimpigia Tupokigwe mwenyewe. Nilidhani nikimwambia kwamba bibi yake amesema kweli, atashukuru.

"Bibi," akasema, "kiti kilikuwa changu."

"Najua, mama."

"Ungeniuliza. Sijasema ungeendelea kudanganya. Ningeweza kuwaambia mimi mwenyewe. Lakini ungeniuliza. Hata kabla ya kukoroga ungeniuliza."

Na hapo nikaona kwamba kosa langu lilikuwa moja tu, nimelifanya mara mbili. Nilipodanganya nilimsemea. Nilipotubu nikamsemea tena.

Kampuni ikajitoa. Video ikafutwa. Mashindano yaliyobaki, kwenye gari la kijani akakaa mvulana mwingine, na Tupokigwe akawa anakwenda uwanjani na baba yake kusukuma matairi ya wenzake. Boazi aliniambia hivyo kwa kifupi sana, kama mtu anayelipia simu kwa neno.

Desemba Tupokigwe akaja. Nilikuwa naogopa kufika kwake kuliko nilivyoogopa kampuni. Alishuka kwenye basi pale Tukuyu mrefu, mwembamba, shingo imekuwa nene kama ya kijana, eti kona za langalanga zinavuta kichwa. Alipiga goti akanisalimia vizuri. Tukafika nyumbani, akakuta ukumbini vikapu vimepangana mpaka dirishani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu. Vya zile ndizi."

"Tangu siku ile? Mbona hujarudisha?"

"Naona aibu."

Akasimama anavitazama. Kisha akaenda kwa Jackson, akanyoosha mkono. "Ba'mdogo, funguo za pikapu." Jackson, ambaye kwa kawaida funguo zile analala nazo, akazitoa. Mjukuu wangu akaanza kupakia. Mimi nikawa natia kitu katika kila kikapu, huku maharage, huku maparachichi, huku karanga, ili kisirudi kitupu. Kuku wa yule mzee wa Lupepo alikuwa ameshataga, nikaweka mayai.

Pikapu ina viti viwili. Nikapanda, nikafunga mkanda kama alivyoniagiza. Nilijishikilia kwenye mlango nikingoja tupae. Wapi! Tukatoka uani kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba. Watoto wanatupita kwa miguu. Watu wanatoka kwenye migomba kutuangalia.

"Mama, endesha basi," nikamwambia. "Si ndiyo kazi yako? Watu wote wananiona."

"Wakuone, Bibi," akasema, macho barabarani. "Leo hatupiti."

Tukasimama kila nyumba. Kila mahali nilishuka, nikapiga goti, nikatoa kikapu kwa mikono miwili, nikasema maneno yale yale: hapakuwa na njaa, ninyi hamkunitupa, nilidanganya. Nilidhani yatazidi kuwa mepesi. Hayakuwa. Mwingine alisema haya, yameisha. Mwingine alipokea kikapu akaingia ndani akafunga mlango. Yule mzee wa Lupepo aliangalia mayai, akaniangalia, akauliza, "Kumbe hukuwa na shida?" na jinsi alivyouliza, kama vile nimemwibia huruma yake, nitakufa nayo. Hakuna hata nyumba moja waliyotuambia karibuni chakula. Mchana ukapita. Nilikuwa sijala tangu uji wa asubuhi, na mtoto vilevile.

Kikapu cha mwisho kilikuwa cha Pudensiana. Tulipofika kwake sikuweza kushuka. Tupokigwe akazima gari, akakaa. Hakunihimiza. Mvua ikaanza kudondoka kwenye kioo.

Nikashuka. Pudensiana alikuwa jikoni, chungu kinatokota. Nikapiga goti hapo mlangoni, kikapu mbele yangu, na maneno niliyoyasema nyumba zote yakakataa kutoka. Nikabaki nimeinamisha kichwa.

Alichochea kuni kwanza. Ndipo akauliza, siyo mimi, akamuuliza mtoto nyuma yangu:

"Mmekula?"

Tupokigwe aliniachia mimi nijibu.

"Bado," nikasema. Na safari hii ilikuwa kweli.

Pudensiana akavuta kigoda kwa mguu, akakisukuma kwangu. Akachukua mwiko, akaufuta kwenye kanga yake, akanipa.

"Haya, koroga hayo maharage yasiungue. Kukoroga si unajua? Dunia nzima imekuona."

Nyuma yangu Tupokigwe alicheka, kidogo tu, kwa pua. Mimi sikucheka. Nilikaa, nikashika mwiko kwa mikono miwili, nikakoroga. Chungu kilikuwa kimejaa, kizito, mvuke ukaja wote machoni, na sikuinua uso mpaka kilipoiva.